Koilova za Impreza ya zamani: chini nimependa, juu kelele tupu

Haya, salaam aleikum, karibuni tena. Hapa mezani pana seti ya koilova, yaani shoki zilizovishwa springi ambazo kimo chake unakipanga mwenyewe, ya Subaru Impreza ile ya 2000 hadi 2007, gari ambalo vijana wa Malindi hulishusha leo, kesho wakaanza kushika viuno. Habari za gesi iliyomo ndani ya shoki na klikisi 32, yaani hatua za kukaza na kulegeza shoki, zimeandikwa kwenye boksi, kwa sasa naziruka.

Nataka mtizame huku chini. Bereketi hii inayofungwa kwenye habu, pale gurudumu linaposhikwa, ina nyuzi zake kama za skrubu, na pete yake ya kubana. Nalegeza pete kwa spana ya kucha, nazungusha bomba liingie ndani ya bereketi, mnaona? Gari litashuka milimita 20 na springi sijaigusa. Fimbo ya shoki imebaki na nafasi ile ile ya kucheza. Zile seti za bei ya chini kimo unakishusha kwa pete ya springi peke yake: springi inalegea, fimbo inazama, tuta la kwanza tu inagongwa raba ya stopa, ile inayozuia shoki isibonyee hadi mwisho. Mnaita "springi ngumu", kumbe gari limekalia raba. Na wewe unayekata springi kwa grainda, ukiondoa mizunguko unaifanya ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia inaweza kutoka kwenye kiti chake.

Sasa jaribio. Gari liko chini, limesimama kwa uzito wake. Pandisha buti, ile raba inayofunika fimbo ya shoki, funga kibanio cha plastiki cha nyaya kwenye fimbo, kisukume kiguse sili, pale fimbo inapoingia kwenye shoki. Shoki ikibonyea sili inakisukuma juu, ikirudi chenyewe kinabaki pale pale. Dereva anakwenda Mambrui na kurudi, matuta yote ayapite.

Akiwa njiani, niseme ninachokichukia. Juu hapa, shoki inapofungwa kwenye bodi, wameweka goroli ya chuma badala ya maunti ya raba. Kwenye barabara laini usukani unakuwa mkali, sawa, lakini huku kila kokoto utaisikia ndani, na mchanga na chumvi vikiingia inaanza kulegea na kugonga. Kama kuna seti ya maunti za raba, chukua hiyo. Nyuzi nazo zipige brashi, upake nta ya kuzuia kutu. Grisi tupu inakusanya mchanga.

Klikisi: geuza kulia mpaka mwisho taratibu, ndiyo ngumu kabisa, kisha rudi ukihesabu 20. Barabara zetu anzia hapo. Ukilegeza zote gari litaruka kama dau kwenye mawimbi, shoki haiishiki springi.

Wakati wa kufunga, ile boliti ya juu ya habu mbele ndiyo inayopanga mlalo wa gurudumu, kwa hiyo iwekee alama kabla ya kulegeza. Na bushi, zile raba za viungo vya mikono ya chuma inayoshika gurudumu, jamani! Fundi anazikaza gari likiwa kwenye jeki, mikono inaning'inia. Gari likishuka raba imeshajipinda, inachanika mapema. Kaza magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Bushi nitazifanyia video yake, mmeniomba sana.

Bei inauma. Kwa pesa hizo unapata shoki nne mpya za kawaida, bushi, na pengine matairi. Tena matairi! Saizi ya 215/45R17 ina ukuta wa pembeni wa milimita 97, 205/55R16 ina 113, na kimo cha gurudumu hakitofautiani hata sentimita moja. Kama ni raha tu unatafuta, anzia hapo, koilova zisubiri. Hapo mwanzo nilizisifu, najua. Bado nazisifu, ila goroli ile...

Jamaa wa Lamu, kisiwani kwenu anayebeba mizigo ni punda, lakini wa Mokowe na Hindi hii inawahusu.

Gari hilo limerudi. Kushoto: kibanio kimesimama, zimebaki milimita 5 kufika raba. Kulia... tizama, kimejikunja kabisa, raba imegongwa. Sogeza kamera. Pete ya springi imeteremka nyuzi tatu. Zile pete mbili zinazoishikilia springi hazikubanwa moja dhidi ya nyingine, springi imelegea, fimbo imezama. Leteni spana za kucha mbili, moja ishikilie ya juu, nyingine ikaze ya chini. Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, haiguswi mpaka pande zote mbili zilingane.