Fleya nzuri, matundu mabaya: Land Cruiser yangu baada ya masika

Nina Land Cruiser ya injini ya 1HZ, bodi ndefu ya safari, ambayo naikodisha kwa makampuni ya utalii hapa Arusha na mara nyingi naiendesha mwenyewe. Ilikuwa na matairi ya 7.50R16, yale membamba ya ringi za pete. Sitayasema vibaya, maana ukipata pancha huko mbugani Ndutu unalifungua mwenyewe kwa vyuma na nyundo, unaziba tyubu, safari inaendelea. Ila nilichoka kuzama kwenye udongo mweusi kila mvua ikinyesha, nikahamia 265/75R16 na ringi pana, na hapo ndipo nilipohitaji fleya, yale matao yanayofungwa kwenye ukingo wa fenda kufunika tairi.

Piga hesabu. 7.50 ni upana kwa inchi, yaani kama milimita 190. Ukienda 265 umeongeza milimita 75 za mpira, na ringi pana nazo zinalisukuma tairi nje. Gari likawa limesimama kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Tope likawa halina kizuizi: linapanda mlangoni, linafika hadi vioo vya wageni walioketi nyuma. Kokoto zikaanza kuchubua rangi. Siku moja Makuyuni trafiki alilizunguka gari mara mbili, akaniambia, "Mzee, matairi haya mbona yanatembea nje ya gari?" Hakuniandikia, lakini nilielewa.

Nikaenda kutafuta fleya. Madukani nilikuta za aina tatu. Raba ya kukata kwa mita ni ya bei poa, ila inakaa kama imebandikwa kwa haraka, na kweli imebandikwa kwa haraka. Fibaglasi inapendeza na inashika rangi ya gari, lakini jiwe moja tu linaipasua. Nikachukua za plastiki ngumu ya ABS, nyeusi, zenye uso usio laini, upana wa vidole vinne. Nilikunja moja pale dukani hadi muuzaji akanikazia macho. Ikarudi palepale. Nilitoa laki sita na nusu kwa zote nne, skrubu za stenlesi na mpira wa ukingo ndani ya boksi.

Kufunga nilipeleka gereji moja maeneo ya Unga Limited. Hapa ndipo nataka kusema kwa kirefu, kwa sababu gari moja lilihudumiwa na mikono miwili tofauti.

Fundi mkubwa alianza na za mbele. Aliosha fenda kwa sabuni, akapangusa na petroli, akashikiza fleya kwa maskingi tepu bila kutoboa chochote. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeona likifanywa: alipandisha tairi la mbele kushoto juu ya gogo ili springi ibonyee, akaniambia nikate usukani mpaka mwisho, kulia halafu kushoto. Tairi likalamba ukingo wa fleya kwa nyuma kidogo. Akaweka alama ya penseli, akaishusha, akaikwangua kwa tupa, akarudia. Mara tatu! Ndipo akatoboa. Kila tundu alilipaka praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwa kijiti cha kiberiti, akasubiri ikauke, akafunga kwa bolti yenye washa ya raba na nati ya kujikaza kwa ndani. Saa mbili zilikwisha kwa fleya mbili, nami sikuona hasara.

Baada ya chakula akaitwa kwenye gari jingine, za nyuma akamwachia kijana. Kijana ana mkono mwepesi, hilo nampa. Drili ikalia, matundu saba kushoto, saba kulia, skrubu moja kwa moja kwenye bati. Nikaona chuma kinang'aa kwenye tundu.

"Kijana, piga praima kwanza."

"Usijali mzee, skrubu ni stenlesi, hiyo haishiki kutu."

Skrubu kweli haishiki. Lakini stenlesi ikigusana na bati tupu na maji yakakaa katikati, linaloliwa ni bati. Nalijua hilo tangu enzi za Land Rover, na bado nilinyamaza. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa na wageni wa kuchukua hotelini, nikataka gari langu niondoke. Kwa hiyo nusu ya kosa ni langu. Akamalizia kwa kuziba ukingo wote kwa silikoni, juu mpaka chini, nikamlipa laki moja na nusu, tukaagana.

Kazini fleya zenyewe sina neno nazo. Ndutu mwezi wa pili, nyumbu wanazaa, mvua inakuja na kuondoka, vioo vya wageni vilibaki visafi na milango ilipata tope la chini tu. Jua halijazipausha. Mti mmoja wa mgunga uliparuza ya kulia mbele, mkwaruzo ukafutika kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Tatizo lilijitokeza kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, za kutoka Naabi kwenda Seronera huko Serengeti. Dereva yeyote wa barabara ile anajua inavyohesabu kila nati ya gari. Za mbele hazikutikisika. Ya nyuma kushoto ikaanza kuimba, kra-kra-kra, mgeni mmoja akauliza ni ndege gani. Niliposimama, skrubu mbili hazipo, na matundu yake yameshapanuka kwa sababu bati lile ni jembamba na halikuwa na nati ya kushika.

Masika ilipokolea, gari likakaa nyumbani Sakina wiki mbili. Asubuhi moja nikaona michirizi ya kahawia ikishuka kwenye rangi yangu ya maziwa, kama mtu aliyelia usiku. Nikaifungua fleya ya nyuma kushoto. Kati ya matundu saba, matano yana kutu, na nyuma yake limejaa tope bichi ambalo silikoni ilikuwa inalifungia lisitoke. Nilichukua nusu siku: msasa, praima, rangi mikono miwili, washa za raba, nati za kujikaza. Silikoni nimeiweka juu tu. Chini nimeacha wazi maji yapite.

Gereji nilirudi. Fundi mkubwa aliangalia, akasema, "Pole sana mzee wangu," akaahidi kurudia ya kulia bure. Nilimshukuru, sikumwachia gari. Kazi ya mbele nitaipa nyota tano popote nitakapoulizwa, fleya zenyewe nyota nne, na kazi ya nyuma nyota mbili, kwa sababu ya mkono mwepesi.

Ya nyuma kulia bado sijaifungua. Jumamosi nikitoka Karatu nitaifungua, msasa nimeshanunua.