Nyumba mpya Kigamboni: ufunguo wa boksi, keki, na bafu linalorudisha maji chumbani

Nilisema nisiandike mpaka hasira ipoe. Haijapoa, naandika hivyo hivyo.

Siku ya kukabidhiwa, ilikuwa vuli ya mwaka jana, tulikuta turubai, keki, mpiga picha na ufunguo wa boksi uliopakwa rangi ya dhahabu, mrefu kama kasia. Unaukumbatia, unapigwa picha, unaurudisha apigwe mwenzako. Kabla ya keki kuna fomu: nimepokea nyumba ikiwa imekamilika na katika hali nzuri. Nikasema sawa, ila naomba kwanza nimwage maji bafuni.

Mume wangu akanifinya mkono. Nikamwaga, ndoo nzima. Maji yakasita kidogo katikati ya bafu kama yanayouliza njia, kisha yakaja kwangu. Tundu la kutolea maji liko kule chini ya dirisha. Yenyewe yakaja mlangoni, yakapita miguuni mwangu mpaka chumbani. Nikamwomba mwanangu gololi yake, nikaiweka kando ya tundu. Ikabingirika taratibu, ikatoka bafuni, ikaenda kutulia kwenye kiatu cha afisa mauzo.

Huyo afisa, dada mmoja mwenye kishikwambi, aliitazama gololi, akanitazama na mimi. "Dada, hayo ni madogo madogo. Wenzako wanahamia kwenye pagale, madirisha wameziba kwa mabati. Wewe unagombea maji ya kuogea?"

Watu wakacheka. Wengine walikuwa wanasubiri zamu ya ufunguo wa boksi, majirani zangu hao wa sasa.

Sasa nimjibu, maana siku ile ulimi ulikauka. Anayehamia pagale anahamia kwenye lake. Kalijenga mwenyewe, tofali leo tofali keshokutwa, anajua dari itakuja Mungu akijalia. Hakuna aliyemuuzia pagale kwa bei ya nyumba iliyokamilika. Mimi nimeuziwa. Na makato ya mkopo kila mwezi hayana madogo madogo, yanakatwa mazima.

Nikasaini. Nichekeni tu. Kodi ya nilikopanga ilikuwa inaisha wiki ile, na mwenye nyumba wangu hapokei chini ya miezi sita kwa mkupuo. Ila kabla ya kusaini niliorodhesha kasoro zote kwa mkono wangu chini ya fomu: bafu, vigae vitatu vya sebuleni vinavyotoa sauti ya utupu ukivigonga kwa sarafu, soketi ya jikoni isiyo na umeme, mlango wa stoo unaokwangua sakafu. Dada akasema nimeharibu fomu. Nikamwambia lete nyingine niiharibu pia. Nikaipiga picha. Siku nzima ile, hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya.

Mkataba una kipindi cha matazamio cha miezi sita, kasoro zote ni juu yao waliotuuzia. Kumbe wenyewe wanakihesabu kiishe. Fundi yuko njiani. Fundi kafiwa. Vigae vya rangi hiyo vimeadimika. Nimevuka Daraja la Nyerere kuwafuata ofisini, tozo kwenda, tozo kurudi, naambiwa mhusika katoka sasa hivi.

Haki yao niwape. Masika hii imenyesha na dari haijatoa hata tone. Kuta hazina ufa, upepo wa bahari unaingia dirisha hili unatokea lile. Soketi walitengeneza ndani ya siku tatu. Kuna jioni nakaa barazani nasema aah, labda kweli nagombea maji ya kuogea.

Halafu naingia kuoga.

Mwezi uliopita walileta kijana mmoja, mpole, ana pimamaji lake mwenyewe. Akalilaza sakafuni, akatikisa kichwa. "Mama, hapa hakuna dawa ya juu juu. Sakafu waliiteremsha kuelekea mlangoni badala ya kwenye tundu. Ni kuvunja vigae vyote, kumwaga sakafu upya, kila mita ishuke angalau sentimita moja kuelekea kwenye tundu." Akawapigia simu mbele yangu, akawaambia hivyo hivyo. Sijamwona tena.

Aliyekuja baada yake alibandika kizingiti cha marumaru mlangoni kwa silikoni, nusu saa tu, akaondoka. Maji hayaji tena chumbani, kweli. Yamebaki bafuni, nafagia bwawa kila asubuhi na sare ya kazini nimeivaa.

Nyota? Kabla ya kizingiti ningewapa tatu. Sasa moja, na hiyo ni ya yule kijana wa pimamaji.

Juzi dada wa kishikwambi kanitumia fomu kwa WhatsApp: kasoro zote zimerekebishwa, tafadhali saini. Nikamrudishia video ya gololi. Safari hii haibingiriki, imelala mlangoni chini ya maji. Tiki zimegeuka bluu, jibu hakuna.