Kukodi vibanda vya michezo kwa bonanza la mtaa: kipi kitangulie, kipi ukiache kwa mwenyewe

Mkodishaji atakutumia picha: mapazia ya mistari myekundu na myeupe, taa zinazokimbizana, midoli mikubwa imening'inia darini. Zote zinapendeza. Kabla hujachagua hata moja, chukua karatasi upige hesabu ya foleni.

Tuseme mnatarajia watu 300, na mngependa kila mmoja acheze walau mara nne. Hizo ni zamu 1,200. Kibanda kinachochukua mchezaji mmoja mmoja, ukijumlisha kupokea tiketi, kurusha, kupanga vitu upya na kuchagua zawadi, hula kama dakika moja kwa kila zamu. Bonanza la saa nne linakupa zamu 240 kwa kibanda. Kwa hiyo mnahitaji vibanda vitano vya aina hiyo, au vichache zaidi vinavyochezesha watu wawili watatu kwa mpigo. Kamati nyingi hukodi kibanda kimoja kikubwa cha kuvutia macho, kisha saa ya pili watoto wamekaa chini kwenye mstari wanang'oa nyasi.

Ndiyo maana orodha yangu haifuati uzuri wa kibanda. Nimepanga kwa mambo matatu: kinachezesha wangapi kwa saa, kinataka wahudumu wangapi, na mchezaji akishindwa anaondoka akicheka au amenuna.

1. Kuangusha makopo

Kama bajeti inaruhusu kibanda kimoja tu, kodi hiki. Makopo sita yamepangwa piramidi, matatu chini, mawili katikati, moja juu, na mchezaji ana mipira mitatu. Mtoto wa miaka sita anaelewa bila kuelezwa, na babu yake naye atataka kujaribu. Makopo yakianguka kwa kishindo, watu waliosimama mbali wanageuza shingo. Hilo ni tangazo la bure.

Udhaifu wake ni kupanga upya. Mhudumu akiinama kila mara kuokota makopo, kasi inapungua nusu. Omba seti mbili na meza mbili: wakati huyu anarusha, kule kunapangwa. Omba pia turubai la nyuma linaloning'inia hadi chini, la sivyo mtakuwa mnafukuzia mipira uwanja mzima.

Shika kila kopo mkononi kabla hujalipa. Yaliyobonyea hayasimami sawasawa, piramidi inajiporomosha yenyewe upepo ukipita. Halafu yapime uzito kwa kulinganisha. Kuna seti ambazo makopo ya chini yametiwa kitu kizito ndani ili yasianguke. Huo ni ujanja wa wafanya biashara wa maonyesho, haufai kwenye shughuli ya majirani. Ukiyakuta, yapange mazito juu, mchezo unakuwa rahisi papo hapo.

2. Kuvua bata

Beseni la maji, bata wa plastiki wanaelea, kila mmoja ana namba au alama tumboni. Mtoto anamnasa kwa kijiti chenye ndoano, mnasoma alama, anapata zawadi yake. Watoto wanne hadi sita wanavua kwa wakati mmoja, na mhudumu mmoja anatosha.

Hapa kila mtoto anashinda, na hapo ndipo gharama ilipojificha. Kodi ya kibanda ni ndogo, lakini zawadi ni mia kadhaa, na kwa kawaida mkodishaji haleti zawadi. Usishangae zikipita kodi yenyewe. Nunueni vitu vidogo, ila visiwe vidogo mno: kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopenya ndani ya kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Na maji yawe ya kina kifupi, yenye mtu mzima karibu muda wote. Sentimita chache zinatosha kumzamisha mtoto mdogo.

3. Kurusha pete

Mchezo huu niliuweka wa kwanza miaka mingi, mpaka siku moja uliponiaibisha. Tulikodi meza ya chupa pamoja na ndoo ya pete ngumu za plastiki. Hatukuzijaribu. Kufika saa sita, mamia ya pete yamesharushwa na aliyeshinda ni mmoja. Baadaye nikachukua pete nikaivalisha chupa kwa mkono: ilipita kwa kubanwa, nafasi iliyobaki pembeni hata unene wa ukucha haufiki. Na kwa kuwa ni ngumu, ikigusa mdomo wa chupa inadunda na kutoka. Watoto hawakulalamika. Waliacha tu kuja, na hilo lilinichoma zaidi.

Siku hizi naomba vigingi vya mbao na pete za kamba. Kamba haidundi, ikigusa inalala. Kabla ya kusaini narusha kumi mwenyewe kutoka mstari wa mchezaji. Nikipata mbili au tatu, nachukua. Nikikosa zote, namwomba mkodishaji naye arushe, na mazungumzo ya bei hubadilika kidogo baada ya hapo.

4. Nyundo na kengele

Mnara, nyundo kubwa, kengele juu: unapiga mto ulio chini kwa nyundo, kidude kinapanda mnarani, kikifika juu kengele inalia. Hauchezeshi wengi, lakini unakusanya watazamaji kuliko vyote vilivyotangulia, hasa vijana wanaotaka kuonyeshana misuli. Kilicho chini ya ule mto wa kupigia ni wenzo, kwa hiyo pigo lililonyooka katikati hupandisha kidude juu kuliko pigo la nguvu lililokwenda kombo. Ndiyo sababu mama mwembamba anayepiga kwa utulivu humshinda kijana aliyetunisha kifua, na umati unapagawa.

Uliza urefu wa mnara, kisha tazama juu ya eneo lako kama kuna nyaya za umeme au matawi. Zungushia kamba pande zote, nyundo inaponyanyuliwa asiwepo mtu nyuma. Kuna minara mifupi ya watoto yenye nyundo za mpira. Ukipata zote mbili kwa pamoja, usisite.

5. Kikapu

Kila mtu anadhani anakiweza, na humo ndimo utamu na ugomvi wake. Pete ya kawaida ya mpira wa kikapu ina upana wa sentimita 45 na huwekwa mita 3.05 kutoka chini, na mpira wa wanaume una upana wa sentimita 24 hivi. Vibanda vingi vya maonyesho vina pete ndogo zaidi, au iliyobonyezwa ikawa kama yai: ukiwa mbele huoni kasoro, ukisimama pembeni unaiona. Mipira nayo hujazwa upepo kupita kiasi ili idunde nje. Nenda na futi ya kupimia, na toa upepo kidogo kwenye mipira. Ukipata chenye vipimo vya haki, kinafaa vijana.

6. Tangi la kumtumbukiza mtu majini

Mtu maarufu wa mtaa anakaa kwenye kiti juu ya maji, mnarusha mpira kwenye shabaha, kiti kinaachia. Hakuna mchezo unaochekesha kuliko huu, na hakuna unaochosha kamati kuliko huu. Tangi la kawaida hubeba takriban lita 1,900, yaani karibu tani mbili za maji. Udongo laini hauwezi, sakafu ya mbao usiijaribu. Kwa bomba linalotoa lita 20 kwa dakika, kulijaza ni zaidi ya saa moja na nusu, na likishajaa halisogezwi. Jioni maji yote hayo lazima yaende mahali. Jua yataelekea wapi kabla hayajaelekea kwa jirani.

Likodi tu kama una maji ya kutosha, ardhi ngumu iliyo tambarare, na watu watatu wanne waliokubali kwa hiari yao kulowa kwa zamu. Mwenye kubembelezwa huteremka baada ya dakika kumi.

7. Mishale na maputo

Sikodi tena. Kujaza maputo kunamla mtu mmoja mchana kutwa, mishale inadunda ubaoni, na vipande vya puto vinavyobaki chini ni hatari kwa watoto wanaotambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ukitaka ladha ileile, tafuta ubao wa kitambaa na mipira inayonata.

Wakodishaji wengi watakuchomekea na jumba la kurukia la kujazwa upepo. Hicho si kibanda cha mchezo, lakini kwa kuwa utalikuta kwenye mkataba: feni yake lazima ifanye kazi muda wote, liwe limefungwa ardhini kwa nanga zisizopungua sita, na kwa kiwango cha usalama cha Ulaya cha EN 14960 halitumiki upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Asiyekuwa na kipima upepo wala mhudumu wa kulisimamia, mwambie abaki nalo. Gurudumu la bahati nalo ni la haraka na rahisi, ila sehemu nyingi mchezo wa bahati unaolipiwa una masharti yake ya vibali. Ulizia kwanza.

Kwenye mkataba

Bei uliyotajiwa inajumuisha nini? Usafirishaji, kusimamisha, kubomoa, hema, meza, mhudumu: vyote viandikwe, maana kila kimoja kinaweza kugeuka nyongeza asubuhi ya shughuli. Mvua ikinyesha, mnarudishiwa fedha, mnahamishiwa tarehe nyingine, au imekula kwenu? Mtu akiumia, bima ni ya nani? Kama kuna kitu cha umeme, waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote, kwa sababu ukibaki umejiviringa unapata joto.

Dai vibanda viletwe mapema, angalau saa mbili kabla ya mgeni wa kwanza. Wakishusha mzigo, piga picha kila kilichochubuka na kuvunjika, kisha hesabu mipira, pete na bata mbele ya dereva, namba aiandike kwenye risiti na kuweka sahihi. Jioni mtahesabu tena. Wale bata wawili watakaokosekana huwa wako kwenye mfuko wa koti la mtoto fulani, na ni afadhali kumjua mzazi wake kabla lori halijaja kuchukua vitu.