Matembezi ya Mji Mkongwe: huduma inayoyajua majengo kuliko wakaazi wake

Miongoni mwa huduma anazouziwa mgeni afikapo Unguja, matembezi ya kuongozwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe ndiyo yenye nafasi kubwa ya kumfunza jinsi mji unavyochakaa na nani huumia unapochakaa. Matembezi niliyoyafuata yaliandaliwa na kampuni ndogo ambayo sitaitaja, kwa kuwa nina lawama nayo. Njia yake ilikuwa ile iliyozoeleka: kuanzia Forodhani, kukatiza Hurumzi na Kiponda, hadi sokoni Darajani.

Niseme kwanza kilichonifurahisha. Mtembeza wageni wetu alizijua nyumba kama fundi aliyezijenga, na hakutosheka kutuonyesha milango ya nakshi. Huko Kiponda alitusimamisha kwenye ukuta uliovimba, akabonyeza plasta kwa kidole gumba, ikamwagika unga mtupu, na nyuma yake tukaiona ncha ya boriti ikiwa nyeusi na laini kwa kuoza. Alieleza kwamba nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, kama wafanyavyo wengi wanaotaka ukarabati wa haraka, unyevu hufungiwa ndani na chokaa hulegea polepole. Bati likitoboka au mfereji wa paa ukiziba kabla ya masika, maji huteremka ndani ya ukuta mpaka pale boriti ilipochomekwa, mahali ambapo mpangaji hawezi kupaona hadi sakafu ianze kulegea.

Mbele ya Beit al-Ajaib maelezo hayo yalipata uzito wake. Jumba hilo la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa wakati huo, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu 2 wakafariki. Ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 liliweza kufikia hapo, ni rahisi kuelewa hofu ya familia inayolala ghorofa ya pili ya nyumba isiyotazamwa na mtu, mvua zinapokesha.

Familia hiyo ndiyo iliyokosekana katika matembezi yetu. Tuliambiwa kwa sentensi moja tu kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka. Hatukuambiwa kwamba nyumba nyingi zilitaifishwa, kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja iligawiwa familia kadhaa zinazotumia ngazi moja na choo kimoja, wala kwamba kodi ndogo iliyowasaidia wanyonge kupata makaazi haikutosha kutengeneza paa. Nyingine ni za wakfu, nyingine zina warithi waliotawanyika Tanzania Bara, Oman na Uingereza, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Matokeo yake anayelala chini ya dari mbovu hana mamlaka ya kuitengeneza, na mwenye mamlaka haishi hapo. Chumba kikianza kuvuja, watu hujibana katika kinachobaki. Ukungu wa kuta huwasumbua wenye pumu. Na familia ikilazimika kuhama, huenda mbali na shule, soko na majirani iliowategemea miaka yote. Nyumba ileile ikikarabatiwa baadaye, aghalabu hugeuka hoteli.

Lawama yangu kubwa inatoka hapo. Tulipofika kwenye nyumba moja iliyochakaa ambayo mlango wake ulikuwa wazi, kundi liliruhusiwa kupiga picha uani bila mtu kupiga hodi. Mama aliyekuwa akianika nguo alivuta ushungi wake, akaingia ndani. Katika mji ambao hata mtoto hufunzwa kubisha hodi, kampuni inayouza elimu ya mji huo haina udhuru.

Pamoja na hayo, malipo yalikuwa ya haki, na kituo cha Malindi, kwenye jengo la zahanati ya kale lililokarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, kilituonyesha vizuri kwamba chokaa na mbao zikitunzwa hudumu. Naipa huduma hii nyota 3 kati ya 5. Anayependa ujenzi ataridhika sana. Waandaaji wakikubaliana na mkaazi mmoja, wakamlipa, naye akaeleza mwenyewe anavyoishi, nitaiongezea nyota ya nne bila kusita.