Kompyuta ya kuendeshea aplikesheni za simu: kabla hujatoa hela Kariakoo, ingia bayosi

Wadau, meseji mnazonitumia siku hizi zinaniuma na ndo maana nimekaa kuandika hii. Dada mmoja wa Sinza anauza madera na abaya Instagram, kanitumia picha ya laptopu aliyonunua Kariakoo. Core i5, RAM 8, SSD, kila alichoambiwa aangalie kakiangalia, kafika nyumbani kaweka BlueStacks ili aendeshe zile aplikesheni zake za kuhariri video kwenye kioo kikubwa, ikamletea ujumbe kwamba vachualaizesheni imezimwa. Akaelekezwa aingie bayosi, yaani mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, akaiwashe. Kaingia, bayosi ikamuomba paswedi. Yeye hana, muuzaji hana, na winga aliyempeleka pale dukani hapokei tena simu. Na kesi yake inafanana na za wengine wengi walioniandikia, tofauti ni duka tu.

Kwa hiyo leo sitaongelea betri inakaa saa ngapi wala kioo cha inchi ngapi, hayo muuzaji yeyote atakuimbia bila kumuuliza. Naongelea hili moja.

Iko hivi. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua Dar zilikuwa za maofisi na mashule huko nje. Watu wa IT wa kule huweka paswedi kwenye bayosi ili mfanyakazi asichezee mipangilio, na vitu ambavyo ofisi haivihitaji wanavizima. Siku ya kuziuza wanafuta disiki, ila paswedi ya bayosi haikai kwenye disiki, inakaa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kwa hiyo inasafiri na mashine mpaka Msimbazi, Kariakoo. Hapo dukani Windows inawaka vizuri, YouTube inacheza, Word inafunguka, unalipa unaondoka. Ni kama umenunua nyumba halafu chumba kimoja kimefungwa na ufunguo kaondoka nao mwenye nyumba wa zamani.

Na chumba chenyewe ndo unachokihitaji. Emuleta kama BlueStacks, LDPlayer, Nox au MEmu ni Android nzima inayoendeshwa ndani ya Windows, kwa hiyo prosesa lazima ikubali kubeba mfumo wa pili juu ya ule wa kwanza. Uwezo huo ndo vachualaizesheni, Intel wanauita VT-x, AMD wanauita AMD-V, na i3, i5 na i7 zinazouzwa mtumba sasa hivi zinao, tatizo sio prosesa, tatizo ni swichi yake kuwa ndani ya bayosi. Ikizimwa, emuleta inagoma kabisa au inatambaa mpaka unachoka. Google Play Games ya kompyuta ndo haina hata mjadala, Google wanataka vachualaizesheni iwe imewashwa, RAM 8, SSD na prosesa ya koa nne, koa ni kama vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa.

Jinsi ya kuangalia ukiwa bado dukani: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, bonyeza CPU, chini pale kuna mstari wa Virtualization. Ikiwa Enabled usishangilie bado. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad. Ukiingia bila kuulizwa kitu, safi. Ikikuomba paswedi, au imekuingiza lakini maandishi yote yamefifia hayabadiliki, rudisha mashine mezani. Muuzaji akikuambia "dada angu hiyo bayosi haina kazi, watu hawaingii huko", mwambie wewe unaingia.

Sasa mashine za kununua kwa mpangilio wangu, na nasema wazi kabisa mimi ni mtu wa Dell na sijifichi.

Namba moja ni Dell OptiPlex, desktopu. Najua wengi mnataka laptopu, ila kama biashara yako unaifanyia nyumbani au frem moja, nisikilize. OptiPlex ina vipini vidogo kwenye mazabodi vimeandikwa PSWD, juu yake kuna kikofia cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele, wanakiita jampa. Unachomoa umeme, unafungua ubavu wa mashine, unachomoa kile kikofia, unawasha, paswedi imefutika. Sio uchawi wa fundi, ni utaratibu ulioandikwa kwenye manyuo, kitabu cha maelekezo cha Dell wenyewe. Maana yake hata ukiangukia mashine ya ofisi iliyofungwa, unajitoa mwenyewe bila kulipa mtu. Halafu i5 za desktopu zilikuwa na koa nne toka zamani, i5-6500 na i5-7500 zote nne, na i5-8500 ina sita. Chukua 7060, ni kizazi cha nane, 7050 iwe ya ukikosa maana Windows 11 rasmi haiipokei. HP EliteDesk nazo zina jampa ya hivyo hivyo kwa hiyo ukikosa Dell sio mbaya. Kinachouma kwenye desktopu ni umeme, ukikatika imezima hapo hapo, weka hela ya UPS, ile betri ya akiba, pembeni mapema.

Namba mbili ni Dell Latitude 5490 au 7490. Hapa tumeingia laptopu na kwenye laptopu hakuna jampa ya kukuokoa, kwa hiyo ile kuingia bayosi dukani ni lazima. Kwa nini hizi? Kwa sababu nyingi ni kizazi cha nane cha Intel, na kizazi cha nane ndo i5 za laptopu hizi nyembamba zilipotoka koa mbili kwenda nne. Watu hawaambiwi hili. Unauziwa i7-4600U kwa mbwembwe, "i7 hii bosi", kumbe ina koa mbili tu, wakati i5-8250U ina nne na ukifungua emuleta tofauti unaiona hapo hapo, ile i7 feni inalia kama inataka kuruka na picha inakatakata. Hakikisha RAM ni 8, ukipata 16 chukua, maana emuleta inameza RAM yake na Windows inataka yake.

Namba tatu HP EliteBook 840 G5, kizazi kile kile, hakuna ubaya mkubwa, ni mapenzi yangu tu kuiweka chini ya Latitude.

Namba nne ThinkPad T480. Kibodi yake tamu, betri mbili, mafundi wanaipenda, na ningeiweka juu kama sio paswedi. ThinkPad ikiwa na ile paswedi ya msimamizi, kuchomoa betri ya CMOS, ile ndogo ya kwenye mazabodi, hakusaidii kitu, imehifadhiwa kwenye chipu yake, na Lenovo wenyewe kwenye manyuo wanasema dawa ni kubadilisha mazabodi. Kwa hiyo ThinkPad iliyofunguka ni mali, iliyofungwa iache hata ishushwe bei.

MacBook Air M1, ile ya Novemba 2020, ni habari tofauti. Inaendesha aplikesheni za iPhone na iPad moja kwa moja kutoka App Store bila emuleta, lakini mtengenezaji wa aplikesheni ana uhuru wa kukataa na wengi wakubwa wamekataa, kwa hiyo tafuta kwanza kama unayoitaka ipo. Na kufuli la mwenye zamani huku liko pia, tena baya, kuna iCloud ya mtu na kuna usimamizi wa kampuni. Usikubali kupewa ikiwa imeshafunguliwa akaunti, sema ifutwe mbele yako, iunganishwe intaneti, ianze upya. Ikitaja akaunti ya mtu au jina la kampuni, ondoka.

Chromebook zinaendesha Play Store na bei yake inavutia, ila za mtumba nyingi zilikuwa za wanafunzi. Ikiwa bado imesajiliwa shuleni, hata uifute vipi inarudi kwa shule yake. Angalia pia tarehe ya mwisho wa masasisho kwenye mipangilio. Hizi laptopu za Celeron RAM 4, kwa kazi hii hapana.

Na kuna njia ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu haiwaingizii kitu. Scrcpy ni programu ya bure, unachomeka simu yako ya Android kwa waya wa USB, kioo cha simu kinatokea kwenye kompyuta, unatumia mausi na kibodi. Haihitaji vachualaizesheni, haihitaji RAM kubwa, yule dada wa Sinza anaitumia sasa hivi kwenye laptopu ile ile iliyofungwa. Unaenda kwenye taarifa za simu, unagonga namba ya toleo mara 7 mpaka chaguo za msanidi zifunguke, unawasha USB debugging, basi. Aplikesheni za benki na za pesa za mitandao nyingine hapa zinaonyesha kioo cheusi, hizo zitumie kwenye simu yenyewe, maana nyingi zinataka laini iwe kwenye simu au zinakataa emuleta kabisa, na hata zisingekataa mimi nisingeweka hela zangu kwenye emuleta. WhatsApp ina ya kwake ya kompyuta, na Instagram toka Oktoba 2021 unaposti kupitia brauza, kwa hiyo pima kwanza kama shida yako inahitaji mashine mpya.

Sasa wauzaji. Bado kuna wanaowaambia watu eti "hii ina Windows 11, inaendesha aplikesheni za simu yenyewe". Microsoft walikuwa nacho kitu hicho, wakakifunga tarehe 5 Machi 2025. Wengine wanasukuma mashine za kizazi cha nne kwa bei karibu na za kizazi cha nane, wakati Windows 10 imekatiwa msaada toka tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi kwa Intel inaanzia kizazi cha nane. Winga naye ana chake juu ya bei, kwa hiyo unalipia mashine, unalipia winga, halafu ukirudi na tatizo la paswedi unaambiwa kuna fundi ghorofa ya juu atakufungulia, mlipe. Yani wauze kitu kilichofungwa halafu wakuuzie na ufunguo! Hapana jamani. Ukutani kimebandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi" na watu wanaogopa lile karatasi kama sheria, wakati Tume ya Ushindani, FCC, ipo na kumlinda mlaji ni kazi yake.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sio kile kikaratasi cha daftari. Akikuambia ukitaka risiti bei inapanda, ujue kodi alikuwa hailipi na siku ya tatizo hakujui. Pamoja na risiti mwambie aandike kwa mkono namba ya siriali ya mashine, maneno "bayosi haina paswedi", tarehe, na agonge mhuri.