Nairobi hadi New York bila kushuka: ukiwa na mzazi, lipa tu

Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways hupaa moja kwa moja kutoka JKIA hadi JFK. Jamaa wakiniuliza kama ile nyongeza ya nauli ya kwenda bila kubadilisha ndege ina maana, huwauliza kwanza wanasafiri na nani. Mimi nilisafiri na mama, ambaye ana miaka sabini na kitu na magoti yasiyopenda ngazi.

Hebu tazama ramani. Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,850. Wengi wetu tumezoea kupitia Dubai, na hapo ndipo hesabu inachekesha: ukishakaa angani saa tano, unashuka Dubai ukiwa umebakiza kilomita 11,000 na ushee. Yaani usingizi wa kwanza umeisha na safari haijapungua hata kilomita elfu moja! Kupitia Amsterdam kuna nafuu, maana mzunguko ni mdogo; kinachokumaliza ni kungoja. Safari iliyotangulia, kwa shirika nisilolitaja, ndege ya kwanza ilichelewa, kisha mama akaketi mlangoni akingojea kiti cha magurudumu hadi abiria wote wakatoweka. Ya pili tuliikuta imeshafunga milango.

Hii ya moja kwa moja ni saa kumi na tano hivi kwenda, kurudi kama kumi na nne, kwa kuwa pepo za huko juu huvuma kuelekea mashariki. Huondoka Nairobi usiku, na hilo lina faida yake: JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyoshiba mafuta ya safari ndefu hivyo hunyanyuka vizuri zaidi kukiwa na baridi.

Ndege yenyewe ni Boeing 787-8. Madirisha hayana kile kifuniko cha kuvuta. Mama alipapasa weee, mpaka mhudumu akamwonyesha kitufe, kioo kikaanza kugeuka buluu polepole. Basi akakibonyeza tena na tena kama mtoto. Kilichonifurahisha mimi ni hewa. Ndani hukaa kama mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 1,800, chini kuliko Limuru, ilhali ndege nyingi za zamani hufika 2,400. Tulishuka bila kichwa kuuma.

Viti vya kawaida ni vitatu vitatu. Mzee mpe cha njiani, kichague mapema, na umwamshe atembee. Wangu alilala, akaamka, akatazama ramani kwenye skrini, akaona Sahara. Akalala tena, akaamka.

"Bado ni mchanga tu?"

Bado ulikuwa mchanga.

Kufika ni asubuhi na mapema, siku nzima iko mbele yako. Kurudi ndiko kugumu: unaondoka mchana, saa saba au nane zinamezwa njiani, unatua Nairobi asubuhi ya pili macho yakiwa mekundu. Usimwahidi bosi kwamba utapitia ofisini.

Ukiwa peke yako, kijana, na pesa ni za kuhesabu, pitia Ulaya. Ila acha nafasi ya saa tatu kati ya ndege na ndege, na zote mbili ziwe kwenye tiketi moja, ili ukichelewa wao ndio wakutafutie nyingine.