TAHADHARI: Tapeli wa boti ya kulala baharini, Msasani mpaka Kunduchi

Wadau wa kuzamia, someni hii kabla hamjamtumia mtu hata shilingi. Kuna baba mmoja wa makamo, mtanashati, sauti ya upole, anazunguka ufukweni kuanzia Msasani hadi Kunduchi akiuza safari za kuzamia kisiwani Mafia kwa boti ya kulala. Boti ipo, wengi mmeiona, ile katamarani nyeupe, boti ya mwili pacha, inayotia nanga ghubani. Ila si yake, na safari hakuna. Hela yetu ameshakula, ya dada mmoja wa Mikocheni ameshakula, na kwa wepesi aliofanya nao kazi yake siamini kwamba sisi ndio wa kwanza.

Sisi ni kundi la wazamiaji wa hapa Dar. Tumekwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo miaka yote, tunaondoka asubuhi, tunarudi jioni na chumvi masikioni. Tulitaka safari hii tulale juu ya maji, tuamke tuingie chini kabla ya chai, turudi tena mchana, tena usiku na tochi. Ukikaa hoteli ya Utende, kulekule Mafia, boti ya siku inakupeleka na kukurudisha, lakini ukilala kwenye boti unafika kwenye matumbawe ambayo boti ya siku haina muda wa kuyafikia. Kila mzamiaji wa Dar ana ndoto hiyo, na boti za namna hiyo upande wetu ni za kuhesabu. Tapeli anajua hivyo kuliko sisi.

Sasa nisikilizeni ile jioni ilivyokuwa, maana tangu siku ile watu wanatuuliza “mlikubalije?” kana kwamba tulituma hela kwa picha ya mtandaoni.

Alitupokea gatini na kiboti cha mpira. Shati jeupe limepigwa pasi, jina la boti limetariziwa juu ya mfuko. Akatupandisha mmoja mmoja kwa mkono, akamwambia binamu yangu wa Mwanza, “Mwanangu, kaa katikati, upepo huu utakurushia maji.” Tulipofika akatuomba tuvue viatu. Akatoa bunda la funguo, akachagua ufunguo bila kuuangalia, kufuli likafunguka mara ya kwanza. Akawasha taa. Akafungua vyumba vyote, shuka zimekunjwa, mto juu ya kila kitanda, choo kinavuta maji. Nani angeuliza hapo kama boti ni yake?

Akatupeleka nyuma. Mitungi ya hewa imepangwa kwenye fremu zake, imefungwa kamba kama inavyotakiwa. Akawasha kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, ikanguruma mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, akajaza mtungi mmoja mbele yetu, akafunga geji: bari 200, umejaa. Akanipa mkononi niupime uzito. Mimi ndiye niliyeushika ule mtungi, na nikiukumbuka leo mikono inanitetemeka kwa hasira, kwa sababu ule mtungi ndio ulionyamazisha maswali yote.

Halafu chai ya tangawizi na kashata. Akatandaza ramani ya bahari mezani, akachukua penseli, akaanza kusema. Na alisema vitu vya kweli! Alituambia mlango wa Kinasi, pale maji yanapoingia ghuba ya Chole, hauingii ovyo: unasubiri maji yajae yakusukume ndani ya ghuba, maana yakitoka yatakubeba kwenda bahari kuu. Akatueleza bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kwamba siku za bamvua mkondo wa pale si wa wageni. Akasema upepo wa kusi ukivuma tutazamia ndani ya ghuba, nje tutaacha. Akataja Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, tangu 1995, na mipaka yake akaichora kwa penseli. Huyo si mtu wa kubahatisha. Ni mtoto wa pwani, bahari anaijua, na ameigeuza kuwa mtego.

Mmoja wetu alitoa simu alipe malipo ya awali palepale. Unajua alisema nini? “Hapana wanangu. Leo sichukui hela. Nendeni mkalale, mkaongee na wazazi wenu, mkiridhika mnipigie.” Akatusindikiza mpaka gatini. Njia nzima ya kurudi tunamsifu. Mama alipouliza ni mtu wa namna gani, nilimjibu ni mtu wa adabu.

Kesho yake asubuhi ndipo simu ikaita. Kuna kundi la Arusha wanataka tarehe zilezile, wana pesa taslimu, yeye ametupenda sisi lakini mke wake anamlaumu kwa kuwatega wateja. Anatuomba radhi kabisa. Niko kwenye foleni ya magari pale Morocco, hapahapa Dar, simu sikioni, wenzangu kwenye kundi wanaandika “tuma, tuma, tutakosa”. Kila mtu ameshaniwekea sehemu yake. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, likaja jina la mwanamke. Nikampigia. Hakubabaika hata kidogo: “Huyo ni binti yangu, ndiye mhasibu, akaunti ya kampuni tunaibadilisha benki.” Nyuma yake nikasikia sauti ya binti ikisema “baba, waambie risiti watapewa siku ya kupanda.” Hiyo sauti! Mtu anamfundisha binti yake, au anamkodi binti wa mtu, aitikie nyuma ya simu. Nikaweka namba ya siri.

Wiki iliyofuata akadai na ada ya hifadhi ya kila mtu, kwa namba ileile, eti ofisi ya Mafia inataka ilipwe mapema. Tukalipa.

Siku ya safari ikafika. Gatini kabla ya alfajiri, mapezi, barakoa, deli la barafu, binamu ametoka Mwanza kwa ndege ya jana yake. Simu ya yule baba haipatikani. Ya binti haipatikani. Boti hiyo hapo, imetulia kwenye nanga yake, hakuna taa. Kulipopambazuka kijana mmoja wa mtumbwi akatuonea huruma akatupeleka. Juu tukamkuta mlinzi mwingine kabisa, ametoka usingizini, anatushangaa. Akatuambia mwenye boti yuko nje ya nchi. Injini zimeshushwa zamani, ziko karakana. Yule baba aliajiriwa kusugua boti na kufungua vyumba vipate hewa, akaachishwa, funguo akawa ameshachonga zake. Kompresa ina injini yake ndogo, ndiyo maana iliwaka vizuri mbele yetu, huku boti yenyewe haiwezi kusogea hata mpaka Bongoyo.

Binamu yangu aliketi juu ya begi lake, hakusema neno. Likizo ya mwaka mzima. Na mimi ndiye niliyemwambia aje. Aibu ile siwezi kuieleza, lakini aibu si yetu, ni ya yule aliyemwita mtoto wa mwenzake “mwanangu” huku anamhesabia hela.

Halafu wapo wanaosema “shukuruni, ni hela tu.” Hapana. Fikirieni siku atakapopata boti inayotembea. Mtu asiyejali kuiba atajali mashine ya oksijeni? Atajali majaketi ya kujiokolea? Tulimuuliza nani anakesha usiku watu wakilala, akacheka, akasema boti hii haina neno. Marekani, Septemba 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception ilishika moto usiku ikiwa imetia nanga pwani ya California, hakuna mlinzi wa zamu aliyekuwa akizunguka, watu 34 waliolala chini wakafa. Nahodha alifungwa miaka 4. Sisi hapa tumezika watu wa meli zilizozama, Spice Islander 2011 na Skagit 2012 iliyotoka hapahapa Dar. Bahari hii si ya kuletewa mchezo na mtu mwenye ufunguo wa kuchonga.

Na sheria ipo! Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jela hadi miaka 7 kwa Kanuni ya Adhabu. Laini zote za simu nchi hii zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ile namba ina jina, jina lina kidole, kidole kina mtu na nyumba anayolala. Kwa nini bado anatembea? Nataka akamatwe, yeye na “mhasibu” wake. Nataka arudishe hela ya kila mtu, senti kwa senti, hata kama ni kwa kuuza kile kiboti cha mpira. Nataka hakimu amwangalie binamu yangu usoni kabla ya kumpa dhamana. Na wale vijana wa gatini waliokuwa wakimwita “nahodha” mbele yetu wahojiwe nao, maana siamini kwamba hawakujua.

Mnaotafuta boti, haya tumeyajua baada ya kuulizia watu wanaofanya kazi hii kwa haki. Ada ya hifadhi ni ya serikali, inalipwa kwa kontrol namba, haiendi kwenye simu ya mtu, kwa hiyo ukiambiwa tuma huku ujue hapo hapo. Takeni cheti cha usajili wa boti na cha ukaguzi, TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, kwa huku bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini ikiwa imesajiliwa Zanzibar, na jina la mwenye boti lilingane na jina unalolilipa. Yule baba hakutuuliza kadi zetu za kuzamia, hakuuliza tumezamia kina gani wala afya zetu, na mwenye boti wa kweli anaanzia hapo, maana aliyefunzwa mita 18 humpeleki 30. Ratiba yake ilikuwa na kuzamia asubuhi ya mwisho, na ndege ya kurudi jioni ileile! Ukiwa umezamia siku kadhaa mfululizo unakaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kila mzamiaji anafundishwa hivyo. Alituwekea ratiba ya kutuumiza kwa sababu alijua hatutasafiri. Na mwambieni awashe injini ya boti, si kompresa. Mengine nitaongeza nikitulia, sasa hivi siwezi.

RB ya polisi tunayo tayari. Namba zake tumezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, nanyi mkipata ujumbe wake zitumeni hukohuko. Mlinzi mpya amekubali kutoa maelezo, na mwenye boti amepigiwa, naye anataka kesi. Kinachotukwamisha ni kwamba tunaonekana ni kundi moja na dada mmoja. Kama umemlipa huyu baba, au alikupandisha kwenye ile boti ukanywa chai yake ukaghairi, nitafute. Usifute ujumbe wa muamala hata kama ni wa zamani, usifute sauti alizokutumia, njoo nazo kama zilivyo. Jumatatu asubuhi tunarudi kituoni, nataka tuingie tukiwa wengi.